Hodi Kwenye Nyumba ya Maji

Paukwa!

Pakawa!

Hapana, ngojeni kwanza. Kuna mmoja hakuitika. Nimesikia sauti zenu wote, lakini pale nyuma, karibu na kinu, pana kimya. Mtazameni vizuri. Amelala? Hajalala? Basi huenda amechoka, au hakunisikia. Mguseni bega, polepole. Siwezi kuanza kama sijui kwamba wote mpo.

Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango, na milango yenye adabu, palikuwa na mlima, na chini ya mlima palikuwa na bonde. Mlimani alikaa Mfalme Ndovu na baraza lake. Bondeni walikaa wanyama wadogo wadogo, digidigi na kanga, kobe na sungura, panya buku na wengine ambao ukiwaona leo utawasahau kesho. Mlimani palikuwa na upepo. Bondeni palikuwa na majani laini.

Katika nchi ile palikuwa na sheria moja iliyopendwa kuliko zote. Sheria ya hodi.

Zamani zaidi, kabla ya Ndovu huyu, kabla ya baba yake, kila mnyama aliingia popote alipotaka. Fisi naye aliingia. Aliingia kwa mzazi, akasema nimekuja kumtazama mtoto, na akishatoka, mtoto hatazamiki tena. Basi babu yake Ndovu akaweka sheria. Usiingie kwa mwenzio bila hodi. Piga hodi ya kwanza, ngoja. Piga ya pili, ngoja. Piga ya tatu, ngoja. Ukiambiwa karibu, ingia. Usipoambiwa, geuka uende zako, wala usitazame nyuma. Sheria ikashika. Wanyama wakalala usingizi mnono. Ilikuwa sheria njema. Nataka mlijue hilo mapema, msije mkaicheka.

Siku moja, alfajiri, maji yakaja.

Hayakuja kwa kishindo. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu kwa muda mrefu, na mto ukavimba, ukavimba kimyakimya, kama mtu anayevuta pumzi. Kisha ukapumua, vuuu. Maji yakashuka, yakapita chini ya milango, cho, cho, cho, yakalowesha mikeka, yakainua vibuyu. Waliokuwa wamelala waliota tu kwamba wanaogelea. Wengine hawakuamka kutoka katika ndoto hiyo.

Digidigi mmoja, jina lake Mwatabu, aliota amelala ndani ya ungo, na ungo unaelea angani. Alipofumbua macho aliona mbingu juu yake. Akatazama chini, akaona mbingu nyingine. Katikati ya mbingu mbili alikuwa yeye, na tumbo lake kubwa, maana alikuwa mjamzito.

Sasa, katikati ya bonde lile palikuwa na kichuguu kirefu kama nyumba. Udongo wake haukuwa mweusi kama wa mtoni, ulikuwa mwekundu, mgumu. Mchwa wenye kichuguu walikuwa wameziba milango yao na kushuka chini kabisa, wakanyamaza. Juu ya kichuguu wakapanda waliosalia. Akapanda Mwatabu. Akapanda Bi Kanga, bibi mwenye madoa yaliyofifia, aliyelea nusu ya watoto wa Bondeni. Akapanda Sungura. Babu Kobe yeye hakupanda, alielea mwenyewe kama bakuli, maji yakamtua hapo.

Wakakaa. Maji mbele, maji nyuma. Samaki walipita katikati ya matawi ya miti kama ndege, na ndege walitua majini kama samaki waliochoka. Vibuyu vilipita vikigongana, ko, ko, ko, wala hakuna aliyevifuata. Jua lilichomoza likiwa limelowa. Siku zikapita, lakini zilifanana mno, hata hakuna aliyejua ipi ni ya leo na ipi ni ya jana.

Hapo juu ya kichuguu Mwatabu akajifungua. Mtoto mwenyewe mdogo, macho makubwa, miguu kama njiti. Hakupewa jina. Kule Bondeni mtoto hapewi jina mpaka mgeni wa kwanza apige hodi, akaribishwe, aingie, amwone. Nani angepiga hodi pale? Na angepiga mlango upi?

Kichuguu hakioti majani. Maziwa ya Mwatabu yalikuwa mkondo, yakawa uzi, yakawa matone. Mtoto akaanza kulala usingizi mrefu, mrefu kupita wa mtoto. Mwatabu alimtazama, akajua. Majani yasipofika, maziwa yatakatika. Maziwa yakikatika, usingizi ule hautakuwa na asubuhi.

Habari ikapanda mlimani. Mfalme Ndovu aliposikia, alilia. Alilia kweli, machozi yakalowesha vumbi la barazani. Hakuwa mfalme mbaya. Akaamuru maghala yafunguliwe, yatolewe majani mabichi, viazi vitamu na mtama, na Nyumbu wabebe. Wa kuwaongoza akachaguliwa Pofu, mjumbe wa mfalme, mnyama mkubwa mwenye pembe zilizosokotwa, ambaye akitembea magoti yake hulia ta, ta, ta. Katika mlima mzima hapakuwa na mnyama mwenye adabu kama Pofu. Alikuwa akiliamkia hata jiwe, kama jiwe ni kubwa kuliko yeye.

Wakashuka. Nyumbu wakibeba, wakiimba, na nyinyi mnisaidie:

*Hodi, hodi, mlio ndani,*
*Tumetumwa kutoka mlimani,*
*Mzigo mzito u mabegani,*
*Semeni neno, tuingie ndani.*

Walipofika penye maji wakasimama. Kichuguu walikiona kwa mbali, chekundu, kidogo kama jino la mtoto. Pofu akatazama huku na huku. Alikuwa akitafuta mlango. Hakuona mlango, kwa hiyo akakata shauri kwamba ukingo wa maji ndio mlango. Akaweka kwato zake pamoja, akakohoa kidogo, akapiga hodi ya kwanza.

Kule kichuguuni walisikia. Maji hubeba sauti. Mwatabu akafungua kinywa.

Bi Kanga akamshika. "Mwanangu, unataka kusema nini?"

"Nataka kusema karibu, bibi."

"Karibu wapi? Hapa ni kwako? Hapa ni kwa mchwa. Sisi ni wageni, na mgeni hamkaribishi mgeni mwenzake. Umelelewa wapi wewe, porini?"

"Sote tumelelewa porini, bibi," akasema Sungura.

"Nyamaza, sikio refu. Tuwaombe ruhusa wenye nyumba."

Basi Bi Kanga akainamisha kichwa, akagonga kichuguu kwa mdomo wake. Ngo, ngo, ngo. Kule ng'ambo Pofu akapiga hodi ya pili, bibi naye akagonga tena. Ngo, ngo, ngo. Mchwa walikuwa chini sana, wala hawakuitika. Mwatabu alimtazama Bi Kanga, akatazama mzigo wa kijani ng'ambo ya maji, akamtazama mwanawe. Sauti ilikuwa kooni. Lakini Bi Kanga ndiye aliyemfundisha kutembea, na ndiye aliyemfundisha kunyamaza wakubwa wanaposema. Hodi ya tatu ikapigwa. Ikapita juu ya maji, ikaisha.

Pofu akageuka. Nyumbu mmoja wa nyuma akasema ameona masikio yakitikisika.

"Masikio si neno," Pofu akasema, kwa upole. Wakapanda mlima na mzigo wao, ta, ta, ta, wala hawakutazama nyuma.

Barazani kukawa na maneno mengi. Ndovu aliuliza, mbona hawakuitika? Ngiri, mshauri wake, aliyekuwa na meno mengi na uvumilivu mchache, akasema ni wazi watu wa Bondeni wamekasirika. Mzigo ulikuwa mdogo, tena haukuwa na ubani. Mfiwa anapelekewaje viazi bila ubani? Wengine wakakubali. Mmoja akakumbusha mikeka mipya. Mwingine akataja asali, maana anayekataa kitu kichungu hakatai kitamu. Na wa mwisho akasema labda sauti ya Pofu ni ndogo, ichukuliwe siwa ya mfalme, ile pembe kubwa inayopulizwa siku za harusi na za kutawazwa.

Yale majani ya kwanza yakawekwa bandani. Kilichotolewa hakirudi ghalani, hiyo nayo ilikuwa sheria. Basi yakakaa pale, wala si ya ghala wala si ya mwenye njaa. Yakanyauka. Yakaota ukungu mweupe, laini, kama manyoya ya kifaranga.

Nyumbu wakashuka tena, mzigo mkubwa zaidi. Ubani ukifuka, asali ikivuja, nyuki nyuma yao, zii, zii, mpaka wimbo ukawa unaimbwa na wenye kuumwa. Tusaidianeni:

*Hodi, hodi, mlio ndani,*
*Tumetumwa kutoka mlimani,*
*Mzigo mzito u mabegani,*
*Semeni neno, tuingie ndani.*

Wakafika penye maji. Pofu akaweka siwa kinywani.

Vuuuuu.

Nanyi mnajua sauti ile wa kichuguuni waliisikia wapi mara ya mwisho. Mto ulipopumua. Wakajua unapumua tena. Babu Kobe akaingia ndani ya gamba lake. Sungura akajikunja kama ngumi. Bi Kanga akaficha kichwa, na Mwatabu akamlalia mwanawe kwa ubavu wake wote. Hakuna aliyefungua kinywa. Siwa ikalia mara ya pili, ikalia ya tatu. Pofu akangoja. Safari hii alingoja kuliko sheria inavyotaka, macho yakimuuma kwa moshi wa ubani na kwa kitu kingine asichokijua jina. Kisha akageuka.

Kilio cha siwa kilipokwisha, Mwatabu aliinua kichwa. Akaona migongo ya Nyumbu ikipanda, vikapu vya kijani vikiyumba, vikiyumba, vikiingia katika ukungu kama ndoto inayomtoka mtu asubuhi.

Lakini kikapu kimoja kilikuwa kimelegea. Pale ukingoni lilikuwa limedondoka jani, jani la kiazi, moja tu. Likatua majini. Likaanza kuja. Lilizunguka, likasimama, likaja tena. Wote wakalitazama likija, likija polepole na mbingu chini yake, mpaka likagusa kichuguu na kutulia mbele ya kwato za Mwatabu.

Akalila. Mtoto akanyonya matone, akafumbua jicho moja.

"Bibi," akasema Mwatabu, "jani hili halikupiga hodi."

Bi Kanga akayatazama maji.

"Nami ninakwenda," akasema Mwatabu.

Hawakumzuia. Wakavuta vibuyu vilivyokuwa vikipita, Sungura akavifunga kwa mafunjo. Bi Kanga akasema mtoto asilale, amwachie yeye, atamwimbia. Aliyeimbiwa halali usingizi mbaya. Na wakati Mwatabu anaweka kifua chake juu ya vibuyu, bibi akamwinamia sikioni.

"Ukifika kwa mfalme, mwanangu, usisahau hodi."

Mwatabu akasukuma kwa miguu. Akaenda. Nyuma yake wimbo wa Bi Kanga ukawa mdogo, ukawa mdogo zaidi. Akapita juu ya njia aliyoizoea, juu ya kisima, juu ya vichwa vya mihogo iliyokuwa ikipepea majini kana kwamba kuna upepo kule chini. Akapita juu ya nyumba yake mwenyewe. Aliuona mlango. Ulikuwa wazi. Samaki mdogo aliingia, akatoka, akaingia tena, wala hakumwomba mtu ruhusa. Mwatabu alitamani kushuka, alale kidogo kitandani pake. Maji yalikuwa laini, na kitanda kilikuwa karibu. Kisha akakumbuka jicho lile moja lililofumbuka. Akasukuma kwa miguu.

Mlimani baraza lilikuwa linapanga mzigo wa tatu. Ngiri alikuwa amesimama, akisema safari hii waimbaji nao wapelekwe. Hapo akaingia digidigi, amelowa, matope mpaka shingoni, akapita katikati ya wakubwa, akasimama mbele ya Mfalme Ndovu. Hakupiga hodi ya kwanza. Hakupiga ya pili wala ya tatu. Baraza zima likasikia anavyodondokwa na matone, to, to, to.

"Nani huyu," akauliza Ngiri, "anayeingia kwa watu kama maji?"

Mwatabu akamgeukia. "Umesema kweli, mzee wangu. Kama maji." Kisha akamgeukia Ndovu, akapiga magoti. "Shikamoo, babu. Nisamehe. Maji yalipokuja kwetu hayakupiga hodi. Yaliingia, yakachukua mikeka, yakachukua milango, yakachukua wenye milango. Kilichotuua hakikungoja kukaribishwa. Mbona kinachotuokoa kinangoja?"

Pofu akasogea, ta, ta. "Nilipiga hodi, binti yangu. Nilipiga kama inavyopasa. Hamkuitika."

"Tulikusikia, baba. Ya kwanza tulikuwa wageni kwa watu, hatukuwa na haki ya kukaribisha. Ya pili tulidhani ni mto. Masikio uliyoambiwa yalikuwa yangu. Nina mtoto kule. Kama hajalala, bado ninaye."

Mfalme Ndovu akageuza kichwa. Alitazama pembe yake ya siwa, akatazama kule bandani, kwenye majani yaliyoota manyoya. Akasimama. Akajitwika kikapu mwenyewe, akatoka, baraza likamfuata, Nyumbu wakalifuata baraza. Safari hii hawakuimba.

Walipofika ukingoni Ndovu hakusimama. Aliingia majini. Chubwi. Maji yakafika magotini, yakafika tumboni, yeye anakwenda, na Mwatabu amekaa juu ya kichwa chake katikati ya masikio. Pofu alisimama kidogo ukingoni. Aliona nyayo zake mwenyewe kwenye matope, zimepangwa vizuri, mahali pamoja, mara mbili. Kisha naye akaingia.

Kichuguuni palikuwa kimya.

Sungura akawaambia ilivyokuwa. Bi Kanga aliimba. Aliimba nyimbo zote alizozijua, kisha akatunga. Sauti ikamkauka. Akaanza kugonga kwa mdomo, ngo, ngo, ngo, na mtoto akawa anasikiliza, macho wazi. Kisha hata kugonga kukaisha.

Mtoto alikuwa macho. Alikuwa amemkazia Bi Kanga macho makubwa, akingoja aendelee.

Mwatabu alikula majani. Alikula akilia, akilia akila. Maziwa yakawa matone, yakawa uzi, yakawa mkondo. Ndovu alitaka kujua mtoto anaitwa nani, akaambiwa hana jina, anamngoja mgeni wa kwanza. Ndipo Babu Kobe akatoa kichwa nje, akasema kwa kusitasita kwamba mfalme ndiye mgeni wa kwanza, lakini mfalme hakupiga hodi, na asiyepiga hodi hakaribishwi, basi desturi itakuwaje.

"Itakuwa hivi," akasema Mwatabu. "Mtoto anaitwa Karibu. Kila atakayemwita atakuwa amekwisha kukaribishwa."

Basi jina likawa hilo. Na sheria ya hodi haikufutwa, la. Ndovu aliiongezea maneno machache tu. Penye mlango, piga hodi. Mahali ambapo mlango umechukuliwa, ingia na chakula. Fisi aliposikia alishuka mbio kuuliza kama na yeye yumo. Akajibiwa yumo, mradi aingie na kitu mdomoni na atoke mdomo mtupu. Akasema ataifikiria. Anaifikiria mpaka leo.

Mizigo ilipokwisha kugawanywa, Pofu alimwendea Bi Kanga. Walikuwa wamemfumba macho, wamemlaza juu ya mkeka mpya, mmoja wa ile ya safari ya pili. Akaweka kwato zake pamoja. Akainamisha pembe zake mpaka zikagusa udongo mwekundu.

"Hodi, Bi Kanga," akasema, kwa sauti ndogo. Akangoja. Maji yalikuwa yakigusa kichuguu, cho, cho. "Hodi, bibi." Akangoja. "Hodi."

Hakuitikiwa. Na safari hii Pofu hakugeuka. Aliketi pale pale chini, kando yake, akakaa naye.

Jambo lenyewe ndilo hili, wakubwa na wadogo. Adabu ni nzuri mlangoni, lakini aliyefikwa na janga hana mlango. Usingoje akukaribishe, na kimya chake usikifanye jibu. Ingia na ulichonacho, kabla hakijaota ukungu.

Hadithi yangu imeishia hapo, mahali ambapo mlango ulikuwapo. Mliosikia, wasimulieni wasiosikia. Na yule wa pale karibu na kinu, naona sasa amelala kweli. Msimwamshe aitike. Mfunikeni, na chakula chake kiwekeni karibu naye.